Pampu ya Tangi la Mzee Bushiri

Moza ndiye aliyeuliza, lakini muuzaji alimjibu Twaha.

"Hiyo ni mashine, kaka. Inapandisha mita tatu bila wasiwasi. Soma boksi."

Boksi lenyewe lilikuwa na maandishi ya Kichina matupu, na picha ya pampu ndogo ya buluu inayorusha maji juu. Moza aliligeuza mara mbili akitafuta neno atakaloweza kulisoma, akaambulia namba tu. Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri, kwenye moja ya yale maduka membamba ya Gerezani ambamo pampu zimepandiana mpaka darini na mipira ya maji imeviringishwa na kutundikwa mlangoni. Nje mikokoteni ilikuwa inagombea njia. Twaha, kaka yake, alitazama simu kila baada ya dakika moja. Timu yake ilikuwa inacheza saa kumi.

"Nimeuliza inatoa lita ngapi maji yakishafika juu," Moza akarudia, karatasi mkononi. "Kutoka maji ya chini mpaka mdomo wa bomba la juu ni sentimita mia na arobaini. Nimepima mwenyewe. Na kuna kona mbili. Halafu nataka kujua, hii inazama ndani ya maji au inakaa nje?"

Muuzaji, mtu wa makamo aliyeitwa Theophil, akatabasamu. Akamtazama Twaha tena. "Dada ni fundi?"

"Anapenda maswali," Twaha akasema, na wote wawili wakacheka.

Moza hakucheka. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kwa miaka kumi na tano alikuwa ameuza mapazia ya mtumba pale Mchikichini. Kila siku alifungua marobota, akakagua mishono, akapima kwa futi kamba, akawaeleza wateja ukweli hata kama ukweli wenyewe ulimkimbiza mteja. Hakuzoea kuuliza swali mara mbili.

Samaki hawakuwa wake. Walikuwa wa baba yao, Mzee Bushiri, aliyefanya kazi ya ufundi bomba kiwandani kwa miaka thelathini na, alipostaafu, akajijengea tangi la vioo la lita mia tatu sebuleni, ghorofani, kwenye nyumba yao ya urithi upande wa Msimbazi. Kila kitu alikifanya kwa mikono yake. Tangi la samaki lilikaa juu ya stendi ya chuma. Chini ya stendi, sakafuni, kulikuwa na tangi dogo lenye sponji za kuchuja. Maji machafu yalishuka yenyewe kwa bomba, yakapita kwenye sponji, kisha pampu ikayarudisha juu yakiwa safi. Pampu ikisimama, maji hayazunguki. Maji yasipozunguka, samaki wanakosa hewa. Habari yote ndiyo hiyo.

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, mzee alipata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukawa mzito, neno moja likimchukua dakika nzima. Daktari wa mazoezi alisema asimamishwe kila siku, hata kwa dakika kumi, na apewe sababu ya kusimama. Sababu ikawa samaki. Kila asubuhi mzee alinyanyuka kwenye kiti, akashika chuma cha stendi kwa mkono wake mbovu, na kwa mkono mzima akawalisha samaki wake kumi na wanne, wale wa rangi ya chungwa wenye mikia kama kanga iliyoachiwa upepo. Mwanzo alisimama dakika mbili. Baada ya miezi minane alikuwa anasimama robo saa, na samaki walikuwa wanakuja kula vidoleni mwake.

Kisha Jumanne ile pampu ya zamani ikafa. Moza alikesha na kushinda akichota maji kwa jagi na kuyamwaga kwa juu, ili yaingie hewa. Alipotaka kwenda kununua pampu nyingine, Twaha akapiga simu kutoka Tabata: "Usinunue kitu. Niachie mimi, nakuja kesho."

Ndivyo ilivyokuwa tangu mama yao alipofariki. Friji, geti, mabati, hakuna kilichoingia kwenye nyumba ile bila Twaha kukichagua, ingawa aliyekaa na nyumba, na mzee, na mabomba yanayovuja, alikuwa Moza.

Pale dukani Twaha alimvuta Theophil pembeni, mwisho wa kaunta. Walinong'ona. Kisha akarudi.

"Inazama. Nimemuuliza."

"Basi waijaribu kwenye ndoo tuone."

"Ikishaloa haiuziki tena, dada," Theophil akasema.

"Tutanunuaje kitu bila kukijaribu? Mimi pazia tu mtu analikunjua lote."

"Moza." Twaha alishusha sauti, lakini macho yalikuwa yameshakuwa makali. "Unaniaibisha. Unataka watu waone sijui kununua pampu?"

Wakanunua.

Nyumbani, Twaha hakuvua hata viatu. Aliitumbukiza pampu kwenye tangi la chini, akaifunga mpira mmoja, akachomeka plagi. Pampu ikanguruma. Kule juu maji yakaanza kutoka, membamba kama kidole kidogo cha mtoto.

"Haya hayatoshi," Moza akasema.

"Ndiyo kwanza imeanza. Itafunguka."

"Kaka, mbona kuna tundu lingine pembeni halina mpira?"

"Moza, nimeshasema itafunguka. Baba, shikamoo, mimi nakimbia."

Mzee Bushiri aliinua mkono mzima kumuaga. Twaha akashuka ngazi mbilimbili.

Moza aliikodolea macho ile pampu muda mrefu. Baadaye, siku nyingi baadaye, alijiuliza kwa nini hakuchomoa ile plagi palepale. Jibu alilijua na lilimchoma: alichoka kubishana. Aliona heri maji membamba kuliko maneno mengine na kaka yake.

Alhamisi asubuhi alimpa baba yake uji, akamwacha na Angelina, mpangaji wa chini, mama wa Kindengereko mwenye moyo mwepesi ambaye alikuwa akimwangalia mzee kila Moza alipokuwa sokoni. Saa mbili na nusu, Moza alikuwa ndani ya robota la mapazia mpaka kiunoni, simu ikalia.

"Da Moza, njoo. Njoo sasa hivi. Mzee kapigwa na umeme."

Alipanda bodaboda bila kofia na bila kuuliza bei. Alipofika alimkuta baba yake chini, ubavuni mwa stendi, macho wazi, midomo imepauka, vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimeungua nchani. Angelina alikuwa amekaa naye sakafuni, kichwa cha mzee kwenye paja lake.

"Alikuwa anawalisha," Angelina akasema. "Nikasikia kishindo. Nilipomgusa kikanipanda kitu mpaka kwenye meno. Nikakimbia kuzima swichi kubwa kule koridoni. Mungu anisamehe, nilimwacha kwanza nikakimbia."

"Umemwokoa," Moza akamwambia. "Usiseme hivyo. Umemwokoa."

Hospitali walimlaza usiku mbili kwa sababu ya moyo, ulikuwa unapiga na kuruka. Nyonga haikuvunjika, ila ilivimba mpaka hakuweza kuikalia. Moza aliporudi nyumbani alasiri ile kuchukua shuka, aliingia sebuleni na harufu ikampokea kabla macho hayajaona. Pampu ilikuwa imepasuka upande mmoja. Oili ilikuwa imetoka na kutandaa juu ya maji kama rangi za petroli kwenye dimbwi la barabarani. Samaki kumi walikuwa wamelala ubavu. Wanne walikuwa bado wanahema pembeni, midomo juu. Aliwahamishia kwenye ndoo ya maji safi, halafu akakaa chini na kumpigia Twaha.

Alimweleza yote. Kisha Twaha akasema:

"Sasa nani kamwambia atie mkono kwenye maji?"

Moza aliiondoa simu sikioni, akaitazama kama mtu anayetazama kitu kilichomng'ata. Akaikata, akasimama, akaenda jikoni, akaosha sufuria tatu ambazo zilikuwa safi. Kumbe mtu anaweza kuwa na hasira mpaka meno yakauma, hakuwa anajua.

Mzee alirudi Jumamosi. Moza alikuwa amelisafisha tangi, amelijaza maji, lile kubwa likiwa bado halina samaki na wale wanne kwenye ndoo wakingoja. Alimweka kiti chake mahali pake. Mzee Bushiri aliitazama ile stendi ya chuma, kisha kwa mguu wake mzima akakisukuma kiti, kidogo kidogo, kikikwaruza sakafu, mpaka akakigeuza kikaelekea ukutani.

"Baba, usimame kidogo? Nitakushika."

Akatikisa kichwa.

Jumapili vilevile. Jumatatu daktari wa mazoezi alikuja, akajaribu, mzee akaking'ang'ania kiti kwa vidole vyenye bandeji na kulia kama mtoto. Miezi minane ya kusimama ilikuwa imekwisha kwa siku moja. Daktari alipotoka, Moza alichukua ndoo, akaweka ndani ile pampu iliyopasuka na boksi lake, akaweka na futi kamba, akatembea kwa miguu mpaka Gerezani. Hakutaka kupanda chochote. Alitaka kufika akiwa amechemka.

"Mali ikishauzwa hairudishwi," Theophil akasema kabla Moza hajamaliza salamu, akionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani.

"Sijaja kurudisha. Baba yangu alilazwa hospitali kwa sababu ya hii. Nataka uniambie ulichoniuzia."

"Dada, punguza sauti, kuna wateja."

"Wateja ndio nataka wasikie."

Watu wawili waliokuwa wakichagua mabomba waligeuka. Theophil alikunja uso. "Mmeharibu wenyewe. Kitu kizima kimetoka hapa. Muulize fundi basi, si yupo. Fundi Vitalis! Hebu njoo umwelimishe mama huyu."

Vitalis alikuwa fundi wa pampu na mota, mtu wa Masasi, aliyekuwa na meza yake barazani pa duka lile. Alikaa pale kwa hisani ya Theophil, na Theophil alijua hivyo. Alikuja akifuta mikono kwa kitambaa, akaichukua pampu, akaigeuza, akachungulia pale waya unapoingia. Hakuwa na haraka. Aliondoa skrubu nne, akafungua kifuniko.

"Hii ilizamishwa?" akauliza.

"Ilizamishwa," Moza akasema.

"Hii siyo ya kuzama." Alimwonyesha kwa ncha ya bisibisi. "Ona hapa waya unapoingilia. Ya kuzama inajazwa gundi ngumu hapa, inaganda kama jiwe, maji hayapiti. Hii ina raba tu. Hii inakaa kavu, kando ya tangi. Ina tundu mbili, mpira mmoja wa kuvuta, mwingine wa kusukuma. Ukiizamisha, maji yanaingia kwenye mota, umeme unatoka kwenye maji."

"Vitalis," Theophil akasema.

"Umeniita nimwelimishe, bosi."

Watu walikuwa wameongezeka mlangoni. Moza alitoa boksi na futi kamba ndani ya ndoo yake, akaiweka juu ya kaunta. Akachukua chupa kubwa ya maji ya kunywa iliyokuwa pembeni ya Theophil, akaimimina yote ndani ya ndoo, akaiokota pampu na kifuniko chake na kuitumbukiza.

"Chomeka," akamwambia Theophil. "Halafu tia mkono."

"Acha utani."

"Si umesema ni mashine? Bila wasiwasi? Tia mkono kama alivyotia baba yangu. Ana miaka sabini na tatu na mkono mmoja mzima. Tia na wewe mmoja."

Hakuna aliyecheka. Theophil alitazama ndoo, akatazama watu, jasho likamtoka juu ya mdomo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya muuza duka tena:

"Mimi nilimwambia kaka yako."

"Ulimwambia nini?"

"Siku ile, pale pembeni. Nilimwambia hii ni ya kukaa nje, isizamishwe, ifungwe mipira miwili. Za kuzama zilikuwa zimeisha, nikamwambia arudi Ijumaa, mzigo unaingia. Akasema, mwambie dada inazama, tumalize, nina mechi."

Moza alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Na wewe ukaniambia inazama?"

"Sikusema. Aliyesema ni yeye. Mimi nilinyamaza."

"Ulinyamaza." Sasa alikuwa anaongea polepole. "Mimi nimesimama hapa, na karatasi mkononi, nimekuuliza wewe, kwa mdomo wangu, inazama au haizami. Ulikuwa unajua jibu. Ukamtazama yeye, ukacheka, ukanyamaza. Usijifiche nyuma ya kaka yangu. Kaka yangu nitamalizana naye. Wewe ulinyamaza kwa nini?"

Theophil alianza kupanga boksi zilizokwisha kupangwa. Mama mmoja mlangoni akasema, "Mjibu mwenzio."

Moza angeweza kuondoka hapo. Alitaka kuondoka, alitaka kutafuta kitu cha kuvunja. Lakini wale samaki wanne walikuwa kwenye ndoo siku ya tano sasa, na tangi lilikuwa halina samaki, na mzee alikuwa ametazama ukuta.

"Mzigo umeingia?" akauliza.

"Umeingia."

"Zitoe. Zote za kuzama. Fundi Vitalis ndiye atakayenichagulia, na tutazijaribu hapo nje. Na maji utabeba wewe."

Theophil alibeba maji. Ndoo tatu, kutoka bomba la nyuma, mbele ya watu wote wale, na hakuna aliyemsaidia. Vitalis aliweka beseni chini barazani. Moza alivuta futi kamba yake kutoka usawa wa maji, akaipandisha kwenye nguzo ya mlango mpaka mia na arobaini, akafunga mpira hapo kwa kipande cha kamba, huku akimweleza Vitalis alichouliza Jumatano.

"Una tangi la lita ngapi?" Vitalis akauliza.

"Mia tatu."

"Basi tunataka maji yote yazunguke kama mara tatu, nne kwa saa. Sasa sikiliza, dada. Namba ya boksi usiiamini. Boksi likisema lita elfu mbili, ni pale maji yanapotoka bila kupanda kokote. Ukipandisha, yanapungua. Kila ukipandisha yanapungua, na kila kona inakula kidogo, mpaka ufike mahali pampu inanguruma na hakuna hata tone. Ndiyo maana lile swali lako la kwanza, lita ngapi yakishafika juu, lilikuwa swali lenyewe."

Moza alimtazama. Siku tano zote zile hakuna mtu aliyekuwa amemwambia neno kama hilo, na nusura machozi yamtoke mbele ya watu. Akayameza. Hakuwa amekuja kulia.

Pampu ya kwanza ilijaza jagi la lita tano kwa zaidi ya dakika nzima, Moza akihesabu kwa saa ya simu. "Hapana," akasema. Ya pili ilikuwa na nguvu, maji yakapiga dari ya baraza, lakini Vitalis alipoishika akakunja uso: ilikuwa inatetemeka, na baada ya dakika kumi ikawa ya moto. "Itawapika samaki." Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeusi, haina picha yoyote ya kuvutia. Ilijaza jagi kwa sekunde kumi na sita, na kelele yake ilikuwa kama ya paka anayelala. Vitalis alimwonyesha pale waya unapoingilia: gundi imeganda, ngumu, kucha haipiti. Akachovya ndani ya beseni testa, bisibisi yenye kitaa kinachowaka penye umeme. Haikuwaka. Akamwachia Moza aichovye mwenyewe. Haikuwaka.

"Hii," Moza akasema.

"Na ununue sakiti breka ya kukata umeme ukivuja. Na waya wa pampu uache uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, maji yakifuata waya yadondokee chini, yasiingie kwenye plagi. Nitakuchorea."

Theophil aliiweka pampu kwenye mfuko bila kusema bei, akaweka na breka juu yake. Moza hakumshukuru. Alipokuwa anaondoka alimsikia akimwambia Vitalis atafute pa kuhamishia meza yake, na akasikia mmoja wa wateja, fundi bomba wa mtaa wa pili, akisema: "Njoo kwangu, fundi. Nina baraza pana."

Twaha alikuja jioni ileile. Moza alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi la chini, breka tayari imefungwa na fundi umeme wa mtaani, anakaza mpira kwa kibano. Mzee alikuwa kwenye kiti, mgongo kwao.

"Leta nifunge," Twaha akasema.

"Usiguse."

"Moza, nimekuja kusaidia, sasa..."

"Nimetoka kwa Theophil." Hakuinua kichwa. "Ameniambia ulichomwambia."

Twaha alitazama simu yake. Kisha akaanza: Theophil mwongo, wafanyabiashara ndivyo walivyo, hata hakumbuki vizuri walichozungumza. Moza alimwacha aseme mpaka yakamwishia. Kisha akasimama, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Ulijua haizami?"

"Nilidhani haitaleta shida. Kitu kidogo vile..."

"Ulijua haizami, Twaha?" Hakumwita kaka.

"Ulikuwa unanifundisha mbele za watu!" Ilimtoka kwa sauti, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyejisikia mwenyewe. "Kila kitu unauliza wewe, unapima wewe. Mimi nionekane nani?"

"Baba kaungua vidole ili wewe uonekane. Kakaa usiku mbili anasikilizwa moyo ili wewe uonekane. Samaki wake kumi nimewazika kwenye ndoo ya taka. Halafu ukaniuliza nani kamwambia atie mkono." Sauti ilimpasuka. "Alikuwa anasimama, Twaha! Ulishawahi kuja asubuhi ukamwona akisimama? Hata mara moja? Alikuwa anasimama robo saa!"

Twaha alimtazama mzee. Mgongo wa mzee ulikuwa unatikisika.

"Kuanzia leo," Moza akasema, "humu ndani hununui hata taa. Ukija, unakuja kumwona baba. Kingine chochote usiulize."

Akapiga magoti tena, akachomeka plagi. Pampu ikanguruma kidogo, na kule juu maji yakaanguka, mengi, yenye mlio. Moza alichovya testa aliyoachiwa na fundi umeme. Haikuwaka. Kisha akashika chuma cha stendi kwa mkono mmoja, na mwingine akautia ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko.

Mzee alikuwa amegeuza shingo aliposikia maji. Aliona mkono.

"Toa!" Neno lilitoka zima, kwa nguvu, kama la mtu ambaye hajawahi kuugua. "Toa mkono, Moza! Toa!"

"Baba, tazama. Hakuna kitu."

"Toa!"

Akautoa. Mzee alikuwa anatweta kwa hasira, mate yakimtoka, na hakumsemesha binti yake mpaka kesho yake. Twaha alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau njia ya kutokea, kisha akashuka ngazi.

Ilichukua wiki tatu. Mzee alikubali kukigeuza kiti kwanza, kisha kusogea, kisha kusimama, ila kwa sharti lake mwenyewe: Moza achomoe plagi na ampe aishike. Aliikagua kila asubuhi, aliviangalia vile vyuma vyake vitatu kama vimemkosea, ndipo akaiweka kwenye kiti, akanyanyuka na kuwalisha samaki wanne waliobaki. Dakika tatu. Dakika tano. Moza alisimama nyuma yake, mikono tayari.

Twaha alikuwa anakuja Ijumaa baada ya swala. Alisalimia, akakaa, akaondoka. Moza alimjibu salamu na kumpa chai, hakumpa zaidi. Angelina alimwambia samehe sasa, da Moza, ni damu yako. Moza akamjibu kwamba kusamehe atasamehe, lakini hasira ilikuwa haijamwisha na hakuwa na haja ya kuificha.

Ijumaa moja Twaha alikuja asubuhi, mapema kuliko kawaida. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anajiandaa kusimama, plagi mkononi. Alimtazama mwanawe wa kwanza kwa muda, kisha akamnyooshea ile plagi.

"Shika," akasema. Akavuta pumzi, akalitafuta neno lililobaki. "Usi... usichomeke."

Twaha aliipokea. Alisimama pale na plagi kwa mikono yake yote miwili, waya ukining'inia, hajui aangalie wapi, huku baba yake akinyanyuka taratibu, anashika chuma, anatia vidole vyenye makovu ndani ya maji. Samaki walikuja. Twaha alianza kulia, bila sauti.

Moza alimwona, na hasira bado ilikuwepo, imekaa palepale. Akachukua futi kamba yake na ufunguo wa kizimba chake cha sokoni.

"Akimaliza, mkalishe polepole," akamwambia kaka yake. "Upande wa kulia umshike zaidi."

Kisha akashuka ngazi, akaenda Mchikichini kufungua.